Mgonjwa Aliyeingia kwa Miguu Yake

Jumatatu

Saa moja kasorobo asubuhi Mama Rehema alikuwa anamimina chai. Mkono wake wa kulia ukalegea, birika likaangukia sahani ya chapati. Nikamuuliza kuna nini. Akanijibu kwa sauti isiyokuwa na neno ndani yake. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Chai ilikwenda moja kwa moja kwenye madaftari ya darasa la tano.

Nilitazama saa ya ukutani, nikaandika kiganjani kwa peni: saa moja kasorobo. Kaka yangu alipopooza, swali la kwanza la daktari lilikuwa dalili zilianza saa ngapi, na ukoo mzima uliojaa kwenye mabenchi haukuwa na jibu. Safari hii jibu lilikuwepo.

Mama Kulwa wa nyumba ya pili alifika kabla sijavaa viatu. Mkono mmoja alikuwa na glasi ya maji ya ndimu, mkono wa pili kidonge cha aspirini. Nilivizuia vyote mlangoni. Mtu aliyeshuka mdomo anaweza kupaliwa hata na mate yake. Na aspirini haipewi mtu kabla kichwa hakijapigwa picha, maana kama ni mshipa uliopasuka, damu itazidi kuvuja. Sikuwa na muda wa kumweleza yote hayo. Mama Kulwa aliondoka amenuna, na ni jirani mwema.

Pale mtaa wetu unapotokea barabarani kulikuwa na lori linamwaga mchanga wa ujenzi. Dereva alituomba dakika tano. Kijana wa bajaji hakumsubiri. Alipita kando ya mtaro, tairi moja likipanda mchanga, nami nimemkumbatia mke wangu asidondoke. Tulipopinda kona lori lilikuwa bado linamwaga.

Barabara ya Mandela ilikuwa na foleni yake ya kila asubuhi. Trafiki alikuwa ameruhusu malori ya bandarini, na malori ya bandarini hayaishi. Karibu na Buguruni Mama Rehema akasema, "Baba Rehema, madaftari yamelowa." Ilikuwa sentensi kamili. Nilitokwa na machozi. Kijana wa bajaji aliendelea kutazama mbele.

Sentensi iliyofuata ilisema tugeuze. Mkono umerudi, mdomo umerudi, na saa mbili na nusu ana kipindi cha hisabati. Kijana akaniangalia kwenye kioo kusubiri uamuzi. Nikamwambia twende hospitali. Mama Rehema ni mwalimu wa miaka mingi na hajazoea kukataliwa mbele ya watu. Hakusema tena hadi tulipofika.

Tabu ya wiki ilianzia hapo, kwa sababu nilikuwa nimepeleka hospitali mtu ambaye ukimtazama hana kitu.

Mlinzi wa geti aliuliza mgonjwa yuko wapi. Mama Rehema alikuwa amesimama mbele yake, amejifunga mtandio vizuri, mkoba begani. Mlinzi akatuelekeza upande wa kliniki za kawaida. Mlango wa dharura, alisema, ni wa watu wasiojiweza. Nilimweleza kwamba dakika chache zilizopita alikuwa hajiwezi. Akasema anashukuru Mungu amejiweza. Tukapita kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi nyuma yetu.

Dirisha la mapokezi lilitaka kadi ya bima. Kadi ilikuwepo. Mtandao haukuwepo. Tukaambiwa tukae hadi urudi. Kwenye mabenchi watu walikuwa wanalalamika kwa maumivu, mtoto anatapika, kijana mmoja ameshika mkono uliovunjika. Mama Rehema alikaa wima kati yao na akaanza kuona haya. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba tunawachukulia watu nafasi.

Mimi nilikuwa natazama kiganja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kwake, kama zisingepita, muda huo ungeisha saa tano na robo. Kama dalili zingerudi, tulipaswa kuwa tayari ndani, tumeonekana, tumepimwa. Saa ya ukutani pale mapokezi ilikuwa imesimama, kwa hiyo niliendelea na ya simu.

Nilimwendea nesi wa meza ya kwanza, nikasimama mpaka aliponiangalia. Nikasema maneno niliyokuwa nayapanga tangu Buguruni: saa moja kasorobo mdomo ulishuka upande wa kulia, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakapotea, na baada ya nusu saa vyote vikarudi. Sikusema anajisikia vibaya. Sikusema kizunguzungu. Nesi aliacha kuandika. Akauliza, "Ni yule mama mwenye mtandio?" Akainuka mwenyewe kwenda kumpima presha. Ilikuwa 192 kwa 114.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Walimtoboa kidole kupima sukari, kwa kuwa sukari ikishuka sana inaweza kuleta dalili zilezile. Daktari, binti ambaye umri wake haupishani sana na wa Rehema wetu, alimwambia atabasamu, anyanyue mikono yote miwili na kufumba macho, arudie sentensi. Mama Rehema alifanya yote kwa usahihi. Daktari akasema ameridhika, na bado anamtaka chumba cha CT sasa hivi. Nilimpenda daktari yule.

Walileta kiti cha magurudumu. Mama Rehema akasema atatembea. Daktari akasema atakaa. Alikaa. Kwenye korido ya CT akamwona mzee mmoja aliyegongwa na pikipiki, kanzu ina damu, amesimama anajishikilia ukutani. Mama Rehema akainuka na kumpa kiti. Mzee akashukuru sana. Nilibaki nyuma ya mke wangu, nimemwekea mikono mabegani, mpaka mlango ulipofunguliwa. Kiti hakikurudi.

Picha ilitoka kabla ya saa tano. Hakuna damu iliyovuja ndani ya kichwa. Akapewa aspirini hapohapo. Niliituma habari hiyo kwa Mama Kulwa, na moyo wake ukatulia.

Jumanne

Wamemlaza. Wodi ya wanawake hairuhusu mwanamume kulala humo, na hilo ni sawa. Nililala kwenye benchi la nje, chini ya taa inayovuta mbu. Kila nilipoamka nilimtumia ujumbe, naye akajibu. Nilikuwa nasoma majibu yake kuona kama herufi zimekaa mahali pake. Alfajiri aliandika, "Nimelala vizuri, acha kuniamsha." Herufi zote zilikuwa mahali pake.

Asubuhi daktari alitueleza. Kidonge kidogo cha damu iliyoganda kiliziba mshipa wa upande wa kushoto wa ubongo, upande unaotawala mkono wa kulia na, kwa watu wengi, maneno. Kisha kikaachia chenyewe. Hicho ni kiharusi cha kupita. Hakijaacha jeraha, lakini ni onyo, na hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Ndiyo maana yuko kitandani ingawa anaweza kutembea. Mama Rehema aliuliza kama anaweza kusahihisha madaftari akiwa amelala. Alikubaliwa.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alimtazama akisahihisha, akamuuliza anafanya nini wodini. Aliuliza kwa nia njema. Mchana msimamizi wa wodi naye alipita kutafuta kitanda, akasimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko mbele ya wengine. Niliingia muda wa kuona wagonjwa ulipofika tu, nikakaa karibu na kitanda. Nilitaka aonekane ni mtu mwenye mwenyewe.

Saa za kuona wagonjwa ni fupi. Nusu yake ilikwisha getini. Walinzi walikuwa wanakagua vyombo vya chakula, na uji wangu ulikuwa kwenye chupa ya chai. Ilibidi niufungue, nieleze, nionje. Uliobaki ulimtosha.

Jioni mama mkwe aliingia kwa basi la Korogwe na kikapu. Nikampokea, nikamwamkia. "Marahaba, baba," akasema, kisha akasema kwamba mwanawe amepigwa na upepo, na kwamba kule nyumbani yupo mzee anayejua kuuondoa. Alikuwa ameshaongea naye kwa simu. Nauli ya kurudi wote watatu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Huwezi kumkatisha mama mkwe aliyesafiri kutwa nzima kwa ajili ya mwanawe. Tena aliona kwa macho yake watu wa rika lake wakianguka ghafla, mdomo ukaenda upande, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia kilichotokea. Nilimwomba tu asubiri daktari apite kesho. Alikubali kusubiri, na akalala kwetu.

Jumatano

Siku ya vipimo. Kipimo cha umeme wa moyo, kwa kuwa moyo unaodunda bila mpangilio unaweza kutengeneza vidonge vya damu na kuvirusha kichwani. Ultrasaundi ya mishipa ya shingo, kuona kama imejaa mafuta. Damu, kupima lehemu na sukari. Kila kipimo kina fomu yake, na kila fomu inataka muhuri. Muhuri uko jengo la pili.

Mwenye muhuri alikuwa kwenye kikao. Nilisubiri kikao kiishe. Alipotoka, ilibidi nikachukue kwanza namba ya malipo kwa kipimo kimoja ambacho bima haikukikubali, nilipe kwa simu, nirudi na risiti. Ujumbe wa malipo ulichelewa. Dada wa dirishani alisema bila ujumbe hawezi kunisaidia, na nilimwamini, kwa sababu alikuwa anaitazama simu yangu kwa wasiwasi kama wangu. Ujumbe uliingia wakati wa chakula cha mchana. Dirisha likafungwa.

Sikulalamika wodini. Nilipokuwa narudi kwake nilikuwa nasimama kwanza kwenye ngazi mpaka pumzi ikae sawa. Foleni ilikuwa fungu langu, na fungu lake lilikuwa kupona. Nadhani alijua, kwa sababu hakuuliza nilikuwa wapi.

Daktari alipita saa kumi. Mama mkwe akaeleza habari ya upepo. Daktari hakumcheka. Alimwamkia tena, akamkaribisha akae, akauliza kama ana dakika moja naye apimwe. Presha ya mama mkwe ilikuwa 182 kwa 100. Akamwambia kwamba ugonjwa wa mwanawe unapenda kutembea ndani ya familia, na chanzo chake kikubwa ni hiki kinachoonekana kwenye mashine. Mama mkwe aliitazama namba muda mrefu. Kisha akauliza dawa inanywewa kabla ya chakula au baada.

Tulipobaki wawili, Mama Rehema aliniambia jambo. Vidonge vya presha alivyoandikiwa mwaka jana aliviacha wakati wa likizo ndefu. Kichwa kilikuwa hakimuumi. Aliona fedha ile bora iende kwenye ada ya Rehema chuoni. Alisema akiangalia ukuta. Nilimshika mkono wa kulia, nao ukanibana kwa nguvu zake zote. Hatukuendelea na mazungumzo hayo, na hayakuhitaji kuendelea.

Alhamisi

Moyo unadunda sawa. Mishipa ya shingo iko wazi. Lehemu imepanda kiasi. Daktari alisema anaweza kurudi nyumbani. Alisema saa tatu asubuhi. Tulitoka jua linazama.

Katikati kulikuwa na safari ya faili. Liliondoka wodini kwenda ofisi ya bima, likapotea, likapatikana chini ya faili la mtu mwingine mwenye jina linalofanana, likarudi bila sahihi moja. Mama Rehema alisubiri amevaa, amekaa kwenye ukingo wa kitanda ambacho mgonjwa mwingine alikuwa ameshapewa. Yule mgonjwa alikaa ukingo wa pili. Walifahamiana vizuri kufikia jioni.

Dirisha la dawa lilikuwa na dawa zote isipokuwa moja. Ameandikiwa aspirini na klopidogreli pamoja kwa siku 21, zote mbili za kuzuia damu isigande, kisha abaki na aspirini peke yake. Vilevile vidonge vya presha na vya lehemu. Klopidogreli ndiyo haikuwepo. Niliikuta kwenye duka la dawa la pili nje ya geti, kwa bei ambayo sikuitaja nyumbani.

Mwalimu mkuu alipiga simu kuulizia anarudi lini. Mwalimu mwenzake alimwona kwenye korido akitembea vizuri tu. Nilimweleza mwalimu mkuu, kwa heshima zote, kwamba barua ya daktari inakuja. Akasema hana shaka, ila anaomba iwe na muhuri. Muhuri ninao.

Ijumaa

Wageni. Walianza kabla hatujafagia. Kila aliyeingia alimtazama Mama Rehema juu mpaka chini na kusema, "Mbona mzima?" Wengine walisema kwa furaha. Wengine walikuwa wamekuja na sura ya msiba na hawakujua waiweke wapi. Yeye ndiye aliyewafariji.

Nimeondoa kibakuli cha chumvi mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi ya mkate, ya vipande vya supu na ya ng'onda. Mama mkwe alipika maharage bila chumvi kabisa. Wote wawili, mama na binti, waliyala kimya. Nilikula nao.

Nilinunua mashine ya kupimia presha. Mama Rehema ameichukua pamoja na daftari jipya, akapiga mistari kwa rula: tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini, maoni. Asubuhi 158 kwa 96. Kwenye safu ya maoni ameandika "Bado. Jitihada zaidi." Anaandika hivyohivyo kwa watoto wake wa darasa la tano, na wengi wao hufaulu.

Jumamosi

Usiku silali sawasawa. Nasikiliza anavyopumua. Nikizidiwa namuuliza swali linalohitaji jibu refu, mathalani funguo za kabati la vyombo zipo wapi. Ananijibu kwa sentensi nzima, kisha anageukia ukutani. Anajua kwa nini nauliza. Jana aliongeza, bila kuulizwa, "Na mkono nimeunyanyua, umeona?" Niliona.

Nilisoma usiku kuhusu utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, wa kuhesabu wanaopata kiharusi kwa mara ya kwanza. Umri wa watu uliposawazishwa, kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha Hai. Nilifikiria foleni ya Mandela, chipsi za chumvi, watu wanaoamka saa kumi kuwahi daladala, na vidonge vinavyoachwa ili ada ilipwe. Nilimfikiria kaka yangu, ambaye alipata mkono wa kufa ganzi uliopita wenyewe siku ya Ijumaa, tukamwambia ashukuru, na Jumapili akaanguka. Hakuna aliyetueleza kwamba mkono unaporudi ndipo pa kukimbia. Nalisema sasa kwa kila anayeingia mlangoni, na baadhi yao wanadhani nimechanganyikiwa kwa uchovu.

Mama Kulwa alikuja jioni. Nilimweleza habari ya maji ya ndimu na ya aspirini, taratibu, kwa muda wote uliohitajika. Alisikiliza. Akasema mume wake huwa mkono unamfa ganzi. Kesho anampeleka kupimwa presha, akatae asikatae.

Jumapili

Asubuhi 146 kwa 90. Kwenye maoni: "Afadhali."

Kliniki ni Alhamisi ijayo. Namba zinatolewa alfajiri, na wenye uzoefu wanasema ukifika jua limetoka umechelewa. Nitatangulia mimi nikashike nafasi, yeye afuate baada ya kunywa uji na vidonge vyake. Amekubali, kwa sharti kwamba nisimwombee kiti cha magurudumu.

Rehema alipiga simu kutoka Dodoma. Alitaka kupanda basi leo. Nilimwambia afanye mitihani kwanza, na mama yake akachukua simu kumthibitishia kwa sauti ya darasani. Kisha nilitoka nayo uani, nikamwelekeza Rehema mambo ambayo nimemwelekeza pia kijana wa bajaji na mama mkwe. Likizo atakuwa nyumbani na mimi nitakuwa kazini. Mdomo ukishuka, mkono ukilegea au maneno yakigoma, tazama saa, iandike. Usimpe kitu cha kumeza. Mpeleke. Ukifika, taja saa kabla hujataja jina.

"Na vikipita vyenyewe njiani, baba?"

"Mpeleke."

"Na akisema hataki? Unamjua mama."

Nikamwambia namjua. Ampeleke, na ugomvi wake aniachie mimi.